Upande Aliosimama Eliza

Sekela mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana afya, lakini afya yako naijua. Asubuhi nzima umekohoa kwa vumbi la lile sanduku ulilolishusha darini, na mama yako amekulazimisha kunywa maji ya tangawizi mpaka ukanuna. Mmeondoka saa saba kwenda Mbozi Mission kumuaga bibi yako, na mtarudi jioni. Nimefunga karakana, nimekaa kwenye benchi la kuchomelea na daftari langu la michoro, na nina saa hizi chache tu za kusema jambo ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo tangu misimu miwili ya kahawa iliyopita.

Habari za blanketi, ndoo, sabuni na watu wa kuwaepuka huko chuoni Mbeya, mama yako amekwisha kuzisema, tena mara tatu. Sina la kuongeza hapo. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome leo, kabla hujalala, maana kesho ukishapanda gari pale Vwawa utakuwa umekwisha kuamua.

Nataka ushuke Mlowo. Nimelisema mapema ili mengine uyasome ukijua ninaelekea wapi. Nataka kesho ushuke Mlowo, uende nyumbani kwa akina Eliza, ukae na wifi yako na kumwambia ukweli nitakaokuandikia humu. Jumamosi ijayo wazee wa kwao na wa kwetu wanakaa kuamua kama ndoa yake na kaka yako imekwisha, na watoto wabaki upande gani. Sina mtu mwingine wa kumtuma. Nimewafikiria wote mmoja mmoja, nimebaki na wewe.

Unajua kwa nini siendi mwenyewe. Wengi kanisani kwetu wameacha hizi habari za mkwe na mkamwana kukwepana. Wanasalimiana kwa mikono, wanakula meza moja, na hakuna aliyedhurika. Mimi nilishikilia ya babu yangu. Yohana alipomleta Eliza hapa Hasamba nilimwambia kwamba kwangu mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe, hataji jina lake, na wakikutana njiani anapisha pembeni. Miaka sita Eliza aliishi uani kwangu, na ukiniuliza macho yake yakoje siwezi kukueleza. Chakula kikiwa tayari aliniambia kupitia mtoto. Utamsikia akimwambia binti yake Neema, mwambie babu maji ya kunawa yapo, nami nilimjibu kupitia huyo huyo Neema, ingawa tulikuwa tunasikilizana vizuri kabisa. Niliona hiyo ni heshima kubwa. Nilijivunia mbele ya wenzangu niliowaona wamelegea.

Sasa ngoja nikurudishe nyuma kidogo, kwa sababu kuna hadithi yangu moja ambayo huwa nakusimulia nusu.

Umenisikia nikitamba kwamba nilipokuwa kijana toroli zangu ziligombewa kule Tunduma, mpakani. Hilo ni kweli. Toroli la kwanza ndilo sijawahi kulitaja. Nilikuwa nimetoka kujifunza kuchomelea, najiona nimemaliza elimu yote ya vyuma duniani. Nikalitengeneza kwa mabomba mazito, magurudumu ya pikipiki, na upana wa kubeba magunia manne ya maharage kwa mara moja. Nikalipaka rangi nyekundu. Aliyeniagiza alikuwa mama mmoja wa ng'ambo, Nakonde, tuliyemwita Bana Chanda, yaani mama yake Chanda kwa Kibemba. Alilizunguka, akaisifu rangi, akalisukuma hatua chache. Likakwama kati ya malori mawili yaliyokuwa kwenye foleni ya kuvuka. Halikwenda mbele, halikurudi nyuma. Watu walicheka mpaka madereva wakashuka kuja kutazama.

"Iwe, fundi," aliniambia, "wewe umewahi kusukuma mzigo hapa hata siku moja?"

Sikuwahi. Basi siku tatu nilisukuma mizigo pamoja na wapagazi wake. Nilipima kwa kamba nafasi kati ya lori na lori. Niligundua kwamba foleni husogea ghafla, kwa hiyo msukumaji husimama kila mara, na toroli lisilo na miguu humwangusha. Niligundua kwamba bomba la chuma saa nane mchana huunguza viganja, jambo ambalo mimi mwenye glovu za kuchomelea nisingelijua hata kwa miaka mia. Siku ya nne nikachukua mbao za masanduku ya nyanya, nikafunga kwa kamba kitoroli cha hovyo kuliko chochote ulichowahi kuona. Wakakisukuma, kikavunjika. Nikafunga kingine. Bana Chanda alikuwa anavitukana vyote, na wapagazi wakamsaidia kutukana. Kwa kuwa vilikuwa vibaya hakuna aliyeona haya kuvisema. Kile cha tano ndicho nilichokigeuza kuwa chuma, na hicho ndicho kilichonilisha mpaka nikamwoa mama yako.

Kwa hiyo, mwanangu, mimi nilijua. Nataka uelewe hivyo. Baba yako hakuwa mtu asiyejua. Nilijua, kisha nikapata jina, nikahamia huku, watu wakaanza kuniita fundi mkuu na kunisogezea kiti, na nikaizoea ile raha ya kukaa kwenye kiti na kutengeneza vitu vya watu kichwani mwangu.

Ile mashine ya kumenya kahawa niliitengeneza kwa majuma mawili nikiwa nimekaa. Nia ilikuwa njema, hilo sitalikana. Mama yako na Eliza walikuwa wanabeba kahawa mbivu kichwani hadi kwenye mashine ya kikundi, wanapanga foleni mpaka matunda yanaanza kuchacha, wanarudi wamechoka na bado kuna kuosha na kuanika. Nikasema nitawamalizia shida. Ngoma nikaitengeneza kwa bati nililolitoboa kwa misumari, gia na mnyororo nikavitoa kwenye baiskeli ya zamani ya Yohana. Mnyororo sikuufunika. Nilikuambia wakati ule kwamba kifuniko kingeleta kutu, na huo ulikuwa uongo. Niliuacha wazi kwa sababu wapita njia walipenda kuuona ukizunguka. Mashine yenyewe niliiweka pale bombani, ikitazamana na mlango wa karakana, ili mtu akipita barabarani aione na mimi nikiwa mlangoni nimwone anavyoishangaa.

Sikumuuliza Eliza lolote. Au tuseme nilimuuliza kwa namna yangu. Baada ya siku mbili nilikutuma: muulize wifi yako mashine ikoje. Ukaenda, ukarudi, ukasema, "Anasema nzuri, baba." Lile neno nzuri nilitembea nalo wiki nzima. Sikujiuliza mkamwana ambaye haruhusiwi hata kunitazama angewezaje kunitumia neno lingine. Angesema nini? Mwambie baba mkwe kwamba mashine yake haifai? Ningelichukulia kuwa tusi, na Yohana ningemwita siku hiyo hiyo.

Wewe ulikuwa umerudi kutoka kwenye yale mafunzo ya vijana pale Vwawa, kichwa kimejaa maneno mapya. Anzia kwa mtumiaji. Jaribu mapema. Kosea kwa boksi kabla hujakosea kwa chuma. Nilikucheka mbele ya wateja. Wewe hukubishana, ulichukua maboksi ya sabuni na vijiti ukaenda kukaa na Eliza kwenye vichanja vya kahawa. Nilikuwa nawaona kwa mbali. Yule mwanamke ambaye mimi nilimjua kwa ukimya wake alikuwa anaongea, anacheka, anaushika ule mpini wa boksi, anauchomoa, anauhamishia upande mwingine na kuubana kwa miiba. Jioni ukaniletea kile kimashine cha maboksi. Mpini ulikuwa umehamia upande wa pili, mnyororo umefunikwa kwa kipande cha dumu la mafuta, na mashine nzima imegeuzwa kutazama migomba badala ya karakana.

"Baba," ulisema, "wifi hasimami upande ule uliouweka. Anasimama huku."

Nilikujibu kwamba basi asimame panapotakiwa. Ukataka kuendelea, nikakukata. Kesho yake asubuhi nililitumia boksi lako kuwashia mkaa. Ulilitafuta, ukaniuliza, nikasema labda watoto wamelichezea. Hapana, nililichoma mimi.

Hapa ndipo nimekuwa nikiweka kalamu chini na kuishika tena. Nisikimbie.

Mlipokuwa mnamsimulia kila aliyekuja kutupa pole, mlisema ajali ilitokea baba akiwa ndani anachomelea, akatoka aliposikia kelele. Mlisema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyesema hivyo. Sikuwa ndani. Nilikuwa mlangoni, kwenye kiti changu. Nilimwona Eliza tangu alipoanza kumimina kahawa. Alikuwa amesimama upande usiotakiwa, mgongo kwangu, kanga imevutwa kufunika shavu, mkono wa kushoto umepitishwa juu ya mashine kuufuata mpini, mkono wa kulia unasukuma kahawa pembeni kabisa ya mnyororo. Na haikuwa siku ya kwanza. Wiki tatu nilimwona anasimama hivyo. Wiki tatu, Sekela. Nilijua mnyororo uko wapi, maana niliufunga mwenyewe.

Utasema baba mkwe angewezaje kumwita mkamwana. Hata mimi nilijiambia hivyo. Lakini wewe ulikuwa jikoni, hatua kumi. Neno moja tu kwako lingetosha. Sikulisema kwa sababu nilikuwa nimeudhika. Nilimwona ni mzito wa kuelewa. Nilitaka achoke mwenyewe kwa kuunyoosha mkono vile, aje asimame nilipopanga mimi. Nilitaka mashine imfundishe.

Vidole viwili vilikwenda, na cha tatu hakikunjiki. Hayo unayajua, wewe ndiye uliyemfunga kwa kanga yako na kumpeleka hospitali kwenye pikipiki. Mimi nilibaki nafungua mnyororo.

Katika kikao cha ukoo nilisema maneno haya, na sitayapunguza: "Nilimwelekeza pa kusimama. Hakusikia." Sikumwelekeza. Ningemwelekeza vipi mtu nisiyeongea naye? Wazee wakatikisa vichwa. Yohana, ambaye alikuwa ametishika na hajui amlaumu nani, akalichukua neno langu na kwenda kumrushia mke wake kitandani kwamba ana kiburi, kwamba ameharibu kazi ya baba. Baba yake Eliza alipokuja kumwona mgonjwa akaisikia lugha hiyo. Unakumbuka alivyoondoka naye na watoto wote wawili bila kumaliza chai.

Miezi minne baadaye, kahawa za mwisho mwisho, mama yako alikuwa amesusa kuigusa ile mashine na mimi nikasema nitamenya mwenyewe. Nilisimama upande niliopanga, nikashika mpini, nikainua kichwa. Mbele yangu, hatua nane tu, kilikuwa kiti changu. Mtu akisimama pale, kila mzunguko anautazama uso wa aliyekaa kwenye kile kiti, hana mahali pengine pa kuweka macho. Nikazunguka nikasimama aliposimama Eliza. Karakana ikawa nyuma yangu na mbele kuna migomba tu.

Nilikaa chini palepale kwenye matope ya bombani. Hakuwa mzito wa kuelewa. Alikuwa ananitii. Nilimtengenezea mashine inayomtaka anitazame usoni, katika nyumba ambayo nimemkataza kunitazama usoni, kisha nikamuacha achague. Akachagua heshima yangu, kwa vidole vyake. Mimi nikaenda mbele ya watu nikaita hiyo kiburi.

Sasa utauliza mbona baada ya kujua sikusema. Kwa sababu ni mwoga. Sina jibu lingine la maana, nimelitafuta. Badala ya kusema, nilifanya kile ninachojua kufanya. Nilimtengenezea jembe. Nilikunja vidole vyangu viwili, nikapima mpini kwa mkono wangu mwenyewe, nikaweka mkanda wa ngozi wa kubana kiganja, nikalipaka rangi ya bluu. Mama yako akalipeleka Mlowo. Likarudi siku hiyo hiyo ndani ya gunia lile lile. Mama yake Eliza hakumtukana mama yako. Alimwambia tu kwamba kulima Eliza analima, alijizoesha siku nyingi kwa jembe la kawaida. Kinachomliza ni kwamba hawezi tena kumsuka Neema. Mtoto anapelekwa kusukwa kwa jirani, na akirudi Eliza hamtazami kichwani.

Kusuka, Sekela. Ningekaa kwenye kile kiti mpaka nife nisingewaza kusuka. Na unajua nilifanya nini baada ya kuambiwa? Nilifungua daftari hili nikaanza kuchora kifaa cha kushikia nywele. Nilikuwa nimefika kwenye vipimo vya waya ndipo nikajiona. Nikachana ukurasa. Alama yake iko hapa, katikati ya daftari.

Ndiyo maana leo nimechanganyikiwa hivi. Jumamosi wazee kumi watakaa chumba kimoja kumpangia maisha mtu ambaye hatakuwemo chumbani. Eliza atakuwa jikoni anawapikia. Wataulizana na kujibizana, na wakishakubaliana watamtuma mtu kwenda kumuuliza kama ameridhika, naye atasema ndiyo, nzuri, kwa sababu watakaomuuliza ni baba zake na wakwe zake. Nimeliona jambo hili mwanzo mpaka mwisho kana kwamba nimelitengeneza mimi, na kusema kweli nimelitengeneza mimi.

Nitakwenda kwenye kikao hicho. Nitasimama niseme niliyokuandikia, yote, pamoja na kiti na wiki tatu. Wanaweza kunicheka au kunitoza faini, shauri yao. Juzi nilimpigia Yohana kule Mkwajuni aliko machimboni, nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja, kama nilikuwa nimekaa au nimesimama. Nikamwambia nilikuwa nimekaa. Simu ikakatika, na tangu hapo nikipiga haipatikani. Sijui kama atakuja. Naogopa sana kwamba nimewapoteza wote, yeye, mkewe na wale watoto, na kesho asubuhi na wewe unaondoka.

Lakini mimi nikisema Jumamosi, Eliza atalisikia neno langu kupitia ukuta wa jikoni, likiwa limeshapita kwa wazee kumi na kupunguzwa makali. Nataka alisikie kabla. Nataka awe na siku kadhaa za kulifikiria peke yake, aamue anataka nini huku hakuna mwanamume aliyekaa mbele yake. Na wewe ndiye mtu pekee wa nyumba hii aliyewahi kumuuliza kitu akajibu ukweli.

Usimpelekee zawadi kutoka kwangu. Usimpelekee mpango. Wala usianze kwa kumuuliza kama atarudi, maana hilo ni swali langu. Kaa naye tu, kama mna kazi ya mikono fanyeni, na umwambie: baba mkwe alikuwa mlangoni, alikuona, akanyamaza, kisha akadanganya. Hukusimama vibaya. Halafu mwache. Akitaka kulia, kutukana, au kukufukuza, mwache. Kama baadaye atakwambia anachokitaka, kikariri kama kilivyo, hata kama ni kwamba hataki kuniona mpaka anazikwa. Akisema harudi, usimbembeleze kwa niaba yangu. Nitumie ujumbe wa neno hilo moja, nami Jumamosi nitalitetea mbele ya wazee.

Nilitaka pia kukuandikia kuhusu chuo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi unayokwenda kusomea, kutengeneza vitu vya watu. Sina cha kukufundisha ambacho hukukijua ukiwa kidato cha tatu. Nina hofu moja tu. Wiki iliyopita ulimwonyesha mama yako ule mfano wako wa kichanja cha kukaushia, akasema kwake ni kirefu, nawe ukaanza kumweleza kwa nini si kirefu. Ulikuwa unaongea vizuri sana, kwa hoja, na mama yako akakubali, akarudi kuchambua mboga. Niliuona mdomo wangu kwenye uso wako. Ukifika huko utarudi vijijini na begi la chuo, na watu watakuamkia, watakusogezea kiti, watakuambia nzuri. Usikikalie hicho kiti, mwanangu. Ukiwa na kitu cha kuwaonyesha, waonyeshe kikiwa bado kibaya, wakati bado wanathubutu kukichana. Mimi nilipaka rangi mapema mno maisha yangu yote.

Nawasikia wapita njia barabarani, kila nikisikia kandambili nadhani ni nyinyi. Bado kuna jambo moja, na hilo silo la Eliza, ni lako.

Siku ya kikao cha ukoo walikuita kwa sababu wewe ndiye uliyefika wa kwanza bombani. Mzee akakuuliza uliona nini. Ulikuwa umeona kila kitu. Uliniona nimekaa, ulijua kwamba uliniletea boksi nikalikataa, ulijua kwamba sikuwahi kumwelekeza Eliza neno lolote. Ulifungua mdomo. Nikakutazama. Sikutikisa kichwa wala kukunja uso, nilikutazama tu, ukainamisha macho ukasema hukuona vizuri. Tangu siku hiyo hujakwenda Mlowo hata mara moja. Mama yako anafikiri umemchukia wifi yako. Mimi najua ni kwamba huwezi kumtazama, na najua usiku mwingine unaongea usingizini, na kwamba unakikimbilia chuo cha Mbeya zaidi kwa sababu kiko mbali na uani kwetu kuliko kwa sababu unakipenda.

Ule uongo haukuwa wako. Niliuweka mimi kinywani mwako, mbele ya watu wazima, kwa macho tu, kama nilivyozoea kuendesha kila mtu katika nyumba hii. Ulikuwa mtoto anayemheshimu baba yake. Nakuomba unisamehe, na kama huwezi, basi walau usijilaumu kwa niaba yangu.

Kesho nitakusindikiza mpaka stendi. Nitabeba sanduku, nitasimama kando wakati unakata tiketi, na kama utaitaja Mbeya moja kwa moja sitauliza. Lakini ukishuka Mlowo, na Eliza akikuuliza uliona nini siku ile, sema yote, mwanangu. Sitakuwepo kukutazama.

Ni mimi baba yako.